Wa Tatu Kutoka Juu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kosa la watu wengi ni hili: wakipewa karatasi ya maabara wanaisoma kama hukumu. Namba ikiwa ndani ya mabano, kati ya kiwango cha chini na cha juu, wewe mzima. Ikiwa nje, mgonjwa. Hapana! Yale mabano ni picha tu ya watu wasioumwa waliowahi kupimwa mahali fulani. Unawapima, unawapanga kwa safu kutoka mwenye namba ndogo hadi mwenye kubwa, unakata wachache wa chini na wachache wa juu. Waliobaki katikati, tisini na tano katika kila mia, ndio wanaoitwa kawaida. Maana yake watu watano katika kila mia watakuta nyota, alama ya namba iliyo nje, kwenye karatasi zao, na hawaumwi kitu.

Nimeeleza jambo hili miaka thelathini na nne maabarani, na sita tangu nistaafu. Mke wangu Levina hajawahi kunielewa. Au ananielewa, ila haamini.

Karatasi yake ya Agosti mwaka jana: asidi ya yuriki 6.3. Mwisho kwa wanawake, 5.7. Nyota. Mganga wa zahanati moja hapa mjini Tabora akaandika jongo, ugonjwa wa viungo unaopenda kuanzia kidole gumba cha mguu, akampa vidonge, akamkataza nyama, dagaa, maharage, karanga. Kidole chake hakijavimba hata siku moja. Miezi kumi sasa ni ugali na kabichi. Amepungua kilo tisa.

Nikimwambia, ananijibu: Baba Asnath, karatasi imesoma damu yangu. Wewe umesoma nini?

Asnath ni binti yetu mkubwa. Yuko Mwanza. Naye anamwunga mkono mama yake.

Ile 5.7 ilitoka wapi? Mimi najua. Ilitoka kwenye kikaratasi ndani ya boksi la dawa ya kupimia. Walipimwa watu wa Ulaya, sijui mji gani, sijui wanakula nini. Mwaka 1991 niliinakili kwa kalamu nyekundu nikaibandika ukutani. Wa Nzega wakanakili kwangu, wa Urambo wakanakili kwao. Imefika mpaka kwenye sahani ya mke wangu.

Kwa hiyo Dokta Revocatus wa maabara ya mkoa aliponipigia kwamba anatafuta mabano ya watu wetu wenyewe — wanawake mia na ishirini, wanaume mia na ishirini, wote wazima — nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nina miaka sabini na moja. Magoti yanalia ngazini. Tumeshamaliza mjini. Keshokutwa ni zamu ya kijiji cha Usoke.

Jumatano, 11 Juni 2025

Usoke. Baridi ya asubuhi mpaka mikono inagoma. Watu wa tumbaku wameshauza, wana nafasi. Wamekuja arobaini na moja.

Masharti ni mepesi kueleza, magumu kufuata: usile tangu jana usiku, usinywe pombe siku mbili, usiwe na ugonjwa. Kijana mmoja alikuja ananuka pombe ya mtama kutoka mlangoni. Mwanahawa, muuguzi wetu, akamrudisha. Nimekunywa juzi, dada! Mwanahawa: juzi ndiyo hiyo inayoongea hapa? Ukumbi mzima ulicheka.

Bibi mmoja aliuliza kama damu tunapeleka kuuza. Mwanahawa akamwambia damu ya kujaza kijiko, nani atainunua, bibi, kunguni?

Mwanamke mzuri wa kazi, Mwanahawa. Miaka hamsini na mbili, mtu wa Kwihara, mdomo kama wembe, mkono mwepesi kwenye mshipa. Njiani aliona nimeshika goti akasema mababu zetu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo kwa miguu, miezi mitatu, na sisi tunalia kushuka gari.

Utaratibu wetu: damu kwanza. Halafu chai na kiazi. Wakiwa wamekaa wanakunywa, ndipo tunawauliza maswali ya afya. Polepole. Inachosha, ila inakwenda.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Levina alidhani nimekufa.

Jumapili, 15 Juni 2025

Baada ya ibada wifi yake Levina alituletea bakuli la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ameyapika kwa karanga. Harufu ilitangulia mlangoni. Levina alifunua, akanusa, akafunika. Akasema amekwisha kula.

Hakuwa amekula.

Wifi uso ulimwanguka. Alisaga karanga zile kwa mkono. Baadaye nilimkuta Levina jikoni amesimama mbele ya bakuli, hafanyi kitu. Nikasema onja tu, Mama Asnath. Akasema: nikiamka kidole kimevimba, utabeba wewe?

Nilikula peke yangu. Tamu sana. 

Jumatano, 18 Juni 2025

Puge. Sijawahi kuona watu wengi hivi! Saa mbili asubuhi walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wanawake kwa wanaume, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mtu mmoja, Masolwa, mkulima wa pamba, kama miaka hamsini na tano, ndiye aliyewaita nyumba kwa nyumba.

Tuko wawili tu. Nikaona tutafika jioni. Nikamwambia Mwanahawa: maswali tuyahamishie mlangoni. Mtu akiingia, anaulizwa, anatia sahihi, anakaa, anatolewa damu, anaondoka. Wazo lilikuwa langu. Naliandika hapa kwa sababu nilijisifu.

Ilikwenda kama maji, ikianza na salamu ya asubuhi. Mwangaluka. Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu, salama tu. Una ugonjwa wowote? Mzima. Viungo vinauma? Salama kabisa. Unatumia dawa? Hapana, mzee, mzima. Sabini na nane kabla ya saa nane mchana.

Mwanahawa alisema njiani: hawa watu wa Puge wana afya, hasidi hana lake. Hata mafua hawana.

Nilicheka. Nilikuwa nimechoka mno kufikiri.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Majibu yametoka. Wanawake ni mia na ishirini na wanane. Nimewapanga mwenyewe kwa mkono, karatasi ya mistari, ingawa Dokta ana kompyuta. Napenda kuwaona kwa safu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa watu idadi hiyo, unatoka juu kabisa unahesabu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba ya wa tatu ndiyo mpaka wa juu. Ndiyo tu. Miezi mitatu ya kazi inakaa kwenye mabega ya mtu wa tatu kutoka juu.

Wa kwanza: 8.2. Wa pili: 7.4. Wa tatu: 6.9. Wote watatu wa Puge. Huyo wa tatu anaitwa Ng'washi, umri miaka sitini.

Mpaka ni 6.9! Levina ana 6.3. Yumo ndani, tena kwa nafasi.

Sikuweza kungoja. Nilimkuta anafua, nikamwambia. Alinitazama, povu mikononi. Hiyo wameandika kwenye karatasi? Nikasema wataandika, ripoti inatoka tarehe thelathini, mabano ya mashine zote za mkoa yatabadilishwa. Ina maana sina jongo? Nikasema huna, hujawahi kuwa nalo.

Jioni aliloweka maharage.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Mchana alikula. Sahani nzima, akaongeza. Alicheka na kuku, alicheka na redio. Alinisema kuhusu kola ya shati langu, jambo ambalo hajalifanya tangu Krismasi.

Bado tuko mezani, simu ikalia. Masolwa wa Puge. Shikamoo, mzee. Marahaba. Akauliza nyumbani, akauliza safari, akauliza baridi ya Tabora, akanipa habari za ng'ombe na za mvua iliyokatika mapema. Mwisho kabisa, nikidhani anakata, akasema: sasa mzee, dawa ya mguu mtaleta lini?

Mguu gani?

Si huu wangu! Kidole gumba. Kikija ni kama nimekanyaga nge. Siku tatu sitembei, hata shuka likigusa napiga kelele. Mwaka huu mara nne.

Nikasema, Masolwa, nilikuuliza mimi mwenyewe mlangoni, ukasema mzima.

Akacheka. Mzee, mlikuwa ndiyo mnafika! Mgeni hajakaa hata kwenye kiti, nianze kumwambia mguu unaniuma? Ningeonekana mtu wa namna gani?

Na wenzako?

Wenzangu nini, mzee. Kila mwenye maumivu yake alikuja siku ile. Mtu mzima kabisa aache pamba aje kuchomwa sindano kwa nini?

Nilikata simu. Levina akauliza nani. Nikasema mtu wa Puge, anasalimia.

Mimi Mnyamwezi! Nimezaliwa na kukulia kwenye salamu hizi. Baba yangu alikuwa akivuja damu kichwani, jirani akamsalimia, akajibu mhola duhu, wakamaliza habari zote za watoto na mashamba, ndipo akasema nimeangukiwa na gogo. Unajibu uzima kwanza. Shida inakuja baada ya kukaa, baada ya kunawa, baada ya kula. Nami nikaweka dodoso la afya mlangoni, katikati ya salamu. Watu sabini na wanane hawakunidanganya. Walinisalimia.

Jumatatu, 23 Juni 2025

Kwa Dokta Revocatus. Nimemweleza yote. Ni mtu mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu haichezi.

Akasema: Mzee Gerson, fomu zimetiwa sahihi. Mtu mzima ameulizwa, amesema mzima. Leo ukianza kutoa watu kwa sababu namba zao ni kubwa, wataniambia nimepika namba.

Nikasema sitawatoa kwa namba. Nitawauliza wote upya, wa juu na wa chini, na nitakayemtoa nitamtoa kwa ugonjwa wake.

Kwa wanaume wapo wa ziada, hapakuharibika kitu. Wanawake? Mia na ishirini ndiyo idadi ya chini kabisa, akasema. Wakipungua mmoja, hakuna mpaka wa wanawake. Tunabaki na 5.7. Na tarehe thelathini saa kumi napeleka.

Ana haki kwa nusu yake. Ndiyo inayochosha. Mtu mwenye makosa matupu ningempigia kelele nikapumua.

Sijamwambia Levina. Anakula karanga za kuchemsha.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Siku mbili Puge, nyumba kwa nyumba. Masolwa anatangulia kwa kuchechemea, mimi nafuata kwa kuchechemea, Mwanahawa nyuma na fomu. Alisema tunafanana na jeshi lililoshindwa.

Safari hii tulifanya inavyotakiwa. Tunakaa. Tunasalimiana mpaka salamu ziishe zenyewe. Tunakula. Nimekula michembe mpaka viazi vikavu vimegeuka mawe tumboni, nimekula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, nimekula kuku asiyekuwa na hatia. Maji ya kunawa yakirudi mara ya pili, ndipo nauliza.

Na wanasema! Yule wa 8.2, mama wa makamo, mpika pombe, huonja kila pipa, na vifundo vya miguu huvimba kila msimu. Alivionesha bila kuombwa. Yule wa 7.4 aliingia ndani akarudi na mfuko wa vidonge vya presha, vile vya kukojoza, ambavyo vyenyewe vinapandisha yuriki. Nikamwuliza mbona siku ile ulisema hutumii dawa. Akasema: siku ile hukuniuliza, mwanangu, ulinisalimia.

Mwanangu! Ana miaka themanini na mbili. Nilijisikia vizuri kidogo.

Wanawake wanane wametoka. Wanaume kumi na mmoja, Masolwa akiwa wa kwanza. Alitaka kujua kama kutolewa ni aibu. Nikamweleza kwamba yeye ndiye mgonjwa hasa tuliyekuwa tunamtafuta bila kujua, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya Nzega. Ameikunja mara nne akaiweka kwenye kofia.

Ng'washi hatukumkuta. Amekwenda Nzega kwa binti yake aliyejifungua. Anarudi Jumatatu.

Njiani Mwanahawa alizihesabu fomu mapajani. Kisha akasema: Mzee wangu, wewe una mtu wako ndani ya hesabu hii.

Nikamwambia habari za Levina.

Akasema: basi huyo Ng'washi usimwulize wewe.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Nimewapanga upya. Mara tatu, kwa sababu ya macho yangu.

Wamebaki wanawake mia na ishirini kamili, na Ng'washi ni mmoja wao. Sasa yeye ndiye wa juu kabisa, 6.9. Wa pili 6.7, wa Usoke. Wa tatu 6.4, wa mjini. Hao wawili waliulizwa kwa chai, wamekaa, nawaamini.

Ng'washi akiwa mzima: mpaka ni 6.4. Levina, 6.3, yumo. Kwa ukucha.

Ng'washi akiwa na mguu unaouma, au kidonge, au chochote: anatoka, wanapanda wa chini yake, wa tatu anakuwa wa 6.2. Levina nje. Tena mia na kumi na tisa hawatoshi, Dokta anarudisha 5.7 ya ukutani kwangu. Levina nje zaidi.

Nimekaa na karatasi hiyo asubuhi nzima nikimwombea mwanamke nisiyemjua asiwe na maumivu. Si kwa ajili yake.

Levina hakuuliza. Alipakua ugali na maharage, akakaa, akanitazama uso. Mpaka umeshuka, akasema. Haikuwa swali. Nikaanza kumweleza: kwamba haujashuka bado, kwamba kuna mtu mmoja Puge, kwamba mpaka si hukumu, watano katika kila mia… Alisikiliza kwa upole. Kisha akaisogeza sahani yake upande wangu, akaenda kuchukua kabichi.

Saa tisa alianguka uani akianua nguo. Kizunguzungu. Hakuumia. Nilimwinua, nikashtuka — mwanamke huyu nilikuwa namwinua kwa shida tulipokuwa vijana, leo amekuja kama nguo yenyewe.

Nikamvua kandambili kumfuta vumbi. Miguu yake. Nimeitazama muda mrefu. Vidole vimenyooka, vifundo vyembamba, ngozi haina wekundu. Miguu ya mtu aliyetembea kutoka kwetu Isevya hadi sokoni miaka arobaini na tano bila kulalamika. Nikamwuliza: yule mganga, siku ile, aliitazama miguu yako?

Akasema hapana. Alitazama karatasi.

Halafu? Na miezi yote uliyorudi kuchukua vidonge?

Karatasi.

Nami je? Mimi niliyemwambia kila mtu kwamba namba si hukumu. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitafuta namba nyingine ya kumhukumu mke wangu, ila yenye huruma.

Jumapili, 29 Juni 2025

Sikwenda ibadani. Nimempigia Mwanahawa. Kesho basi la alfajiri, yeye peke yake, Puge. Amekubali kabla sijamaliza. Nikamwambia kaa kwanza, kula kwanza. Akasema: Mzee wangu, mimi nimeshiba Puge mpaka Desemba, lakini nitakula.

Nikamwambia Levina kwamba kesho tunakwenda hospitali kubwa, kwa daktari ambaye hajawahi kumwona. Akauliza mpaka utakuwa umejulikana? Nikasema hatuendi kwa ajili ya mpaka. Hakuridhika. Ila amepiga pasi kitenge.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Naandika kwenye benchi la foleni. Saa tano na robo. Tulifika saa moja. Mbele yetu wamebaki wawili. Levina ameshika mfuko wenye vidonge vyake na karatasi ya Agosti, ameibana kifuani kama cheti cha ndoa. Nilimwomba aiache nyumbani. Amekataa.

Dokta Revocatus amepiga saa tatu. Nimemwambia jibu la Ng'washi litamfikia kutoka kwa Mwanahawa moja kwa moja, lolote liwalo, na sahihi yangu anayo. Akasema Mzee, ungekuwa wewe uliyeuliza, ningeandika haraka zaidi. Nikasema ndiyo sababu sikuuliza mimi.

Amebaki mmoja mbele yetu.

Levina ameninong'oneza: akiniuliza nasemaje? Atauliza hujambo mama, nitajibu sijambo. Halafu?

Na mimi ningejibu hivyo hivyo. Miaka sabini na moja!

Mlango umefunguliwa. Wanaita jina lake. Na simu inatetemeka mfukoni — Mwanahawa, naona jina lake kwenye kioo. Amekwisha kula, basi. Amekwisha kuuliza. Levina amesimama, ananitazama, anaitazama simu.

Zima simu. Ingia naye. Avue viatu, miguu ionekane, kabla hajatoa karatasi.